Kabla ya kutangaza nani anaongoza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya habari hapa Lubumbashi, kampeni ya urais ikifika mtaletewa sondaji, yaani kura za maoni, kila asubuhi. Nyingi ni za Facebook: weka moyo kama unamtaka huyu, dole gumba kama unamtaka yule. Kufika jioni zina maelfu ya majibu, na kesho yake soko la Kenya, komini (wilaya) ya mji wetu, linajua nani "ameshapita".

Ulizeni kwanza nani aliyebonyeza. Mama anayeuza makaa kule Katuba, mwenye simu ndogo isiyo na intaneti, hayumo. Kijana wetu aliye Dubai yumo, ingawa mwaka 2023 Wakongomani wa ng'ambo waliweza kupiga kura katika nchi 5 tu: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Kanada na Marekani. Mwenye akaunti nne anahesabiwa mara nne. Tena ukurasa una watu wake: ukiuliza hapa kwetu kuhusu Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani, utadhani nchi nzima ni yake. Matokeo ya mwisho ya 2023 yalimpa takriban 18%.

Wala wingi wa majibu usiwatie hofu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alizoa karibu 61%. Watu 1,000 tu, wakichaguliwa kwa bahati nasibu toka kila upande wa nchi, wanakupa picha yenye kosa la takriban 3% juu au chini.

Lakini hata sondaji iliyofanywa vizuri inapima siku zake tu. Hapa naomba mtulie, maana jambo hili limegawa familia. Oktoba 2018, kabla ya uchaguzi wa urais, utafiti wa mashirika ya Berci na GEC ulimpa Martin Fayulu 8%, Félix Tshisekedi 36%, wote wapinzani. Novemba 11 wapinzani walimteua Fayulu kule Geneva awe mgombea wao mmoja. Kesho yake Tshisekedi na mpinzani mwenzake Vital Kamerhe wakajitoa katika makubaliano hayo. Utafiti wa Desemba ukampa Fayulu 47%, Tshisekedi 24%. Kisha CENI, tume ya uchaguzi, ikatangaza: Tshisekedi 38.57%, Fayulu 34.83%. Maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki, walisema matokeo hayo hayalingani na takwimu za waangalizi wao. Katikati ya hayo intaneti ilikuwa imekatwa tangu Desemba 31, na mwenye namba yoyote mkononi akawa ndiye mwenye habari. Mpaka leo kuna watu wanaozitaja zile 47% kama kura zilizopigwa. Ni waandishi tulioziandika bila tarehe na bila jina la aliyeuliza, msituige.

Siku ya kuhesabu, hofu yangu kubwa ni picha za PV, yaani karatasi za matokeo ya ofisi ya kura, zinazozunguka WhatsApp. Ikuzeni picha. Tafuteni jina na namba ya ofisi ya kura, sahihi za mashahidi, kisha jumlisheni kura za wagombea wote mlinganishe na jumla iliyoandikwa chini. Mkiona namba imefutwa na kuandikwa upya, simamisheni habari. Halafu mpigieni simu mwenzenu aliye karibu na ofisi hiyo: nakala hubandikwa mlangoni, aende akaisome kwa macho yake.