"Ya kudumu" au "endelevu"?

SWALI: Niko Kadutu, Bukavu, na ndiye ninayeandika ripoti za ushirika wetu wa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kifaransa tumezoea "développement durable", kwa hiyo naandika "maendeleo ya kudumu". Vijana waliosomea Tanzania wananiambia niandike "endelevu", eti ndilo linalolingana na "sustainable" ya Kiingereza. Je, kuna tofauti? Na ni "uvuvi endelevu" au "uvuvi mwendelevu"? Naweza kusema "sambaza endelevu"?

JIBU: Aksanti sana, mama. Tofauti ipo, na ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tazama chupa za plastiki zinazoelea Ziwa Kivu, zikaingia mto Ruzizi na kwenda kuziba mitambo ya bwawa la umeme. Chupa hiyo ni ya kudumu kwelikweli, haiozi. Lakini nani ataiita endelevu, wakati kila inapotupwa ziwa linachafuka na mji unakatiwa umeme? Sasa mtazame sambaza. Akivuliwa usiku kwa taa, asipouzwa au kuanikwa mapema, ameharibika. Hadumu hata kidogo. Hata hivyo uvuvi wake unaweza kuwa endelevu, mradi nyavu zisiwe za matundu madogo yanayozoa hata wachanga ambao bado hawajazaa. Kudumu ni habari ya umri wa kitu. Uendelevu ni habari ya matumizi: kuchukua leo kwa kiasi na kwa njia itakayokiacha chanzo kiendelee kutoa.

Kifaransa kimeweka maana zote mbili ndani ya "durable": hutumika kwa viatu imara, na kwa maendeleo pia. Ukitafsiri kwa "ya kudumu", unabaki na viatu.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwenye kuni. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, afisa wa migodi huko Freiberg, Saxony, nchini Ujerumani, alitoa kitabu cha misitu kwa sababu matanuru ya kuyeyushia fedha yalikuwa yanamaliza miti. Alitaka watu wakate kwa kadiri ambayo msitu unaweza kuota tena. Anayenunua gunia la makala Kadutu (Dar es Salaam wangesema mkaa, maana makala kwao ni ya gazetini) na kuona bei inavyopanda kadiri miti inavyozidi kuwa mbali, hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ililipanua wazo hilo: kukidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Mwaka 2015 yakapitishwa malengo 17 ya kufikiwa ifikapo 2030, na kwa Kiswahili yakaitwa Malengo ya Maendeleo Endelevu. Tangu hapo neno limeota mizizi.

Lakini "ya kudumu" usiitupe. Amani ya kudumu, suluhisho la kudumu, makazi ya kudumu: hayo ni sahihi, na ninyi wa Kivu mna haki ya kuidai amani hiyo kwa jina hilohilo. Amani hatuivui kama samaki. Tunataka tu isikatike. Panapochanganya ni kwenye miradi. "Mradi endelevu" ni ule ambao mfadhili akiondoka wenyeji wanaweza kuuendesha wenyewe. Hapo maana mbili zinakaribiana, nami simkosoi anayesema "mradi wa kudumu", ingawa mimi ningeandika "endelevu".

Kuhusu sarufi, hao vijana wako hawakosei, lakini nawe una sababu ya kuuliza. Neno hili limetokana na "endelea", kama "tulivu" lilivyotokana na "tulia" na "legevu" na "legea". Wenzake wanapatana na nomino: kijiji kitulivu, watu watulivu. Kwa kufuata kanuni tungesema "uvuvi mwendelevu", kama tunavyosema "uzi mwembamba", na "kilimo chendelevu", kama "kitambaa chembamba". Matumizi hayakwenda huko. Vitabu, magazeti na redio vinasema uvuvi endelevu, kilimo endelevu, matumizi endelevu, bila kiambishi. Fuata hivyo. Nomino yake ni "uendelevu". Usiichanganye na "mwendelezo", ambao ni kule kuendelea tu kwa jambo, liwe jema au baya.

"Sambaza endelevu" siipendi. Nimeona pia "mbao endelevu" na "kahawa endelevu", na kila mara najiuliza ni nini hasa kinachoendelea. Sifa hii iambatanishe na kazi, si na bidhaa. Kwenye ripoti yako andika: "Ushirika wetu unanunua sambaza wanaotokana na uvuvi endelevu", kisha sentensi inayofuata itaje matundu ya nyavu za wavuvi wenu.