Mbu si sindano: dengi inavyoingia kwenye seli zake

Swali: Shikamoo daktari. Niko Majengo, Moshi. Mgeni wetu ametoka Dar es Salaam ana dengi, na nyuma ya nyumba kuna matairi yamejaa maji na mbu. Mbu akimuuma yeye kisha mimi papo hapo, si ananichoma damu yake? Na mbona VVU haviji kwa njia hiyo?

Jibu: Marahaba. Mwageni kwanza maji ya matairi, ndipo uendelee kusoma.

Mbu hupitisha damu kwenye mfereji mmoja na mate kwenye mwingine. Ili kikufikie, kirusi lazima kitoke tumboni mwake hadi kwenye tezi za mate, na hakifiki bila kuziambukiza seli za mbu mwenyewe.

Kirusi cha dengi kimefunikwa na protini 180 zinazoitwa E, zimelala bapa mbilimbili kama vigae. Hizo ndizo zinazoshika seli ya utumbo wa mbu. Vitabu hupenda mfano wa ufunguo na kufuli. Mimi naona ni kishonanguo. Watafiti wametaja protini na sukari kadhaa za juu ya seli zinazonaswa, na hakuna moja iliyokubalika kuwa ndiyo mlango pekee.

Kikishanasa, utando wa seli hubonyea kama unga wa andazi chini ya kidole, ukajifunga, kirusi kikabaki ndani ya kifuko. Kifuko kikizama, kinachacha kama mbege ya juzi. Uchachu huo ndio kirusi kilichokuwa kikiungoja! Protini E zinaachana, zinasimama tatutatu, ncha zake zinachoma utando wa kifuko, tando mbili zinaungana, na jeni za kirusi zinamwagikia ndani ya seli. Maabara tunaotesha seli za mbu kwa nyuzijoto 28. Ukizitilia kloridi ya amonia, inayopunguza uchachu ule, maambukizi hushuka sana. Kirusi kimeingia, lakini kimefungiwa kifukoni.

VVU hutafuta protini iitwayo CD4, iliyo juu ya seli zetu za kinga. Mbu hana protini hiyo, basi VVU humeng'enywa tumboni mwake pamoja na damu.

Safari ya dengi hadi kwenye mate huchukua kama siku 8 hadi 12, na baridi huirefusha. Kwa hiyo hofu yangu si mbu wa dakika ile, ni yule atakayemnyonya mgeni wiki hii na bado yuko kwenu wiki ijayo. Mbu huyu, Aedes, huuma mchana. Mgonjwa akilala mchana, ashushiwe chandarua.