Kumpeleka Mama Morisi kwa Mfuko Mdogo

Mtu akiniuliza ampelekeje mzazi wake kisiwani na pesa yenyewe ni ya kuungaunga, humwambia apunguze ratiba kwanza, bei ya chumba baadaye. Wengi hufanya kinyume. Wanabana kwenye malazi, wanapata chumba cha ghorofa ya tatu kisicho na feni ya maana, kisha pesa waliyookoa inaishia kwenye ziara za kila siku, na mzazi wa miaka sabini anarudi jioni miguu imevimba. Mimi nilikwenda Morisi na mama yangu, ambaye ana presha na magoti yasiyopatana na ngazi, na pesa ilitutosha kwa sababu tulifanya mambo machache. Tukitoka leo, kesho tunakaa. Utaratibu huo ndio uliobeba likizo nzima, na sijaona punguzo la bei la kuufikia.

Nianze na majira, maana hapo ndipo pesa nyingi inapookolewa, na afya ya mzazi pia inategemea hapo. Morisi iko kusini mwa ikweta. Miezi ya Novemba hadi Aprili ni ya joto kali, unyevunyevu na vimbunga, na katikati yake kuna Krismasi na Mwaka Mpya, wakati bei za ndege na vyumba zinapaa. Mei hadi Oktoba ndiyo baridi yao, ingawa pwani mchana bado ni nyuzi 24 au 25 hivi na hewa ni nyepesi. Kwa mwenye mfuko mdogo, Mei na Juni ni miezi mizuri: wageni wamepungua na wenye nyumba wanakubali kuzungumza bei. Kwa mwenye presha ni mizuri zaidi. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini, na mtu anayezitumia akishinda kwenye joto la Januari anaweza kuishiwa maji haraka na kupata kizunguzungu. Muulize daktari wake kabla hujakata tiketi.

Ubaya wa miezi hiyo ni kwamba giza linaingia mapema. Mwezi Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mipango ya siku lazima ianze asubuhi. Hilo kwa mama halikuwa tatizo. Yeye huamka alfajiri hata akiwa likizo.

Halafu kuna suala la upande wa kisiwa, ambalo watu hulipuuza kwa kuwa kwenye ramani Morisi inaonekana ndogo. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu zaidi katika miezi hiyohiyo ya baridi. Pwani ya mashariki inaupokea kifuani, na mzee akikaa ufukweni huko atajifunika shuka badala ya kuoga. Milima ya katikati inaukinga, kwa hiyo magharibi, kuanzia Flic en Flac hadi Tamarin, kunakuwa na utulivu na jua zaidi. Sisi tulikaa Flic en Flac. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa karibu chote, na ndani ya mwamba huo maji yanatulia kiasi kwamba mtu asiyejua kuogelea anaweza kukaa kitako majini bila wasiwasi. Karibu chote, narudia. Kusini, pale Gris Gris karibu na Souillac, mwamba umekatika na mawimbi yanapiga majabali moja kwa moja. Panapendeza sana kupatazama, lakini usimruhusu mzazi kuingiza hata mguu.

Sasa malazi. Morisi ufukwe ni wa umma hadi pale maji yanapofika yakijaa, hata mbele ya hoteli ya kifahari. Ukishalijua hilo, hakuna sababu ya kulipia chumba kinachotazama bahari. Rudi nyuma mtaa mmoja au miwili, tafuta fleti, na bahari utaipata kwa kutembea kidogo. Kwenye fukwe kubwa za umma kuna mivinje mingi, na kivuli chake ni cha bure siku nzima. Mama alijichagulia mvinje wake siku ya kwanza, akatandika mkeka juu ya majani yake membamba kama sindano yaliyodondoka, akavua viatu, akakaa ameegemea shina huku akitazama watoto wa watu wakicheza. Alikaa hivyo saa nyingi. Hakuna ziara ya kulipia iliyompa raha ile.

Katika fleti kuna mambo ambayo sikubali kuyaachia, hata kama bei inapanda kidogo. Iwe ya chini kabisa au jengo liwe na lifti. Iwe na jiko, hata dogo. Iwe na vitanda viwili, maana kulala kitanda kimoja na mzazi anayegeuka usiku kucha kutawachosha wote wawili. Na bafu mwenye nyumba alipige picha akutumie. Picha za matangazo huonyesha kioo na maua; wewe unataka kuona kama kuna karo lenye ukingo mrefu wa kuruka, na kama sakafu ni ya vigae vinavyoteleza. Niliwaandikia wenye nyumba kadhaa swali moja tu: kutoka barabarani hadi kitandani kuna ngazi ngapi? Aliyejibu kwa hesabu kamili ndiye niliyempa pesa yangu. Wale waliojibu kwamba ni "chache tu" niliachana nao.

Jiko lina faida mbili. Ya pesa inajulikana. Ya pili ni dawa: mama humeza vidonge vyake mapema akiwa ameshakula kitu, na kifungua kinywa cha hoteli huwa hakijawa tayari saa hizo. Birika, mkate na mayai vilimaliza shughuli.

Kuhusu chakula cha nje, jiandae kwa jambo ambalo mtu yeyote aliyemlipia mzazi wake atalitambua. Mama akipewa karatasi ya vyakula mgahawani hasomi majina ya vyakula. Kidole chake kinashuka upande wa bei, kinafika chini, anaifunga karatasi na kusema, "Mimi chai inatosha, mwanangu." Ukimbembeleza ataagiza kilicho rahisi kuliko vyote na atakila bila furaha. Wazazi waliotulea kwa kuhesabu senti hawawezi kuziacha hesabu hizo eti kwa sababu wako likizo, na kumwambia "usijali bei" hakusaidii kitu.

Kilichosaidia ni kuondoa bei mbele ya macho yake. Chochote kinachoweza kulipwa kabla ya safari kilipwe kabla: chumba, gari la kutoka uwanja wa ndege, siku moja ya dereva. Akiuliza unamjibu kwa haki kabisa, "Mama, hiyo imeshalipwa." Mgahawani tulikwenda mara chache. Siku nyingine tulikula vya barabarani, na Morisi vya barabarani ni vitamu na bei yake haimtishi mtu. Dholl puri ndiyo iliyomteka: chapati mbili laini zenye dengu zilizosagwa ndani yake, zinapakwa mchuzi wa maharage na wa nyanya, kisha zinaviringishwa kwenye karatasi. Sema pilipili iwekwe kando, maana wenyewe hawana huruma nayo. Mama alikula akiwa amesimama pembeni ya kibanda, akajifuta vidole, akarudi mwenyewe kwenye foleni kuongeza.

Tena alilipa mwenyewe. Hili nalisisitiza. Siku ya kwanza nilibadilisha pesa, nikamkabidhi fungu lake la rupia akaliweka kwenye pochi yake, na sikumuuliza tena limekwendaje. Mzazi hapendi kumwomba mtoto wake pesa ya maji, na akikosa pesa mkononi atakaa na kiu. Akiwa nazo anakuwa msafiri mwenzako. Soko la Mahébourg linalofurika kila Jumatatu ndilo lililonionyesha. Mama hajui Kifaransa wala Krioli, lakini alibishana bei na muuza vitambaa kwa vidole na kutikisa kichwa, akaondoka dukani, akaitwa, akarudi. Nilisimama mbali makusudi.

Usafiri upange kwa mchanganyiko. Mabasi yanafika karibu kila mahali, nauli ni ndogo na kondakta hupita kukusanya pesa taslimu. Lakini ngazi za mlangoni huwa ndefu, na jioni yanakatika mapema, kwa hiyo msikae mbali na nyumbani hadi giza liingie. Reli ya Metro Express, inayotoka mji mkuu, Port Louis, hadi Curepipe, ni laini zaidi kwa magoti kwa kuwa jukwaa na mlango viko sawa. Ilifunguliwa kwa awamu, na kipande cha mwisho hadi Curepipe kilianza mwaka 2022. Beba sweta: Curepipe iko juu kwenye nyanda za kati, kuna baridi na mvua wakati pwani jua linawaka.

Kwa yaliyo mbali, kodi dereva siku moja nzima na mkubaliane bei jioni ya kabla yake, pamoja na mahali mtakaposimama. Sisi tulipeleka siku hiyo kusini-magharibi: ardhi ya rangi saba ya Chamarel, kisha sehemu ya kutazamia mabonde ya Black River Gorges, ambako gari linafika karibu na unatembea kidogo tu. Kupanda mlima Le Morne tuliacha. Boti za alfajiri za kufuata pomboo Tamarin tuliacha. Kisiwa cha Île aux Cerfs, ambacho kila mtu atakuambia usikikose, tuliacha vilevile, kwa sababu siku yote ya boti na jua ni ya vijana.

Badala yake tulipanda boti ya sakafu ya kioo Blue Bay, ndani ya hifadhi ya bahari. Kama mzazi wako hajui kuogelea, pesa ya matembezi ikibaki ya jambo moja tu, iwe hili. Uliza kwanza abiria wanapandia wapi, maana baadhi ya boti unazifuata majini na kupanda kwa kingazi, na mwombe nahodha amsaidie mkono. Mama aliinama juu ya kioo tangu tulipoondoka. Matumbawe yalipoanza kuonekana, ya kahawia na ya rangi ya zambarau, alinishika bega bila kunitazama na kusema, "Kumbe chini huku kuna bustani." Kisha akawa anawagombeza samaki kila walipopita haraka.

Mchana, kuanzia saa saba hivi, mama alilala. Saa hizo ndizo zilikuwa zangu: niliogelea, nilitembea, nilikaa kimya. Usizione kama muda uliopotea na wala usijaribu kumwamsha "tuone kitu". Watu wazima wawili waliozoea kila mmoja nyumba yake wanahitaji kupumzishana, na mkirudiana jioni mna maneno mapya.

Safari yenyewe ina mambo machache ya kukumbuka. Omba kiti cha magurudumu uwanja wa ndege. Mashirika ya ndege hukitoa bila malipo, na ni vizuri kuliarifu shirika saa 48 kabla. Mama alikataa katakata, "Mimi si mgonjwa," mpaka nilipomweleza urefu wa korido na foleni ya pasipoti. Msaidizi anayesukuma kiti anawapitisha wote wawili. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari. Morisi ni wakali sana kuhusu dawa, na vidonge vya maumivu kama tramadol si vya kubeba kienyeji. Kama mzazi anatumia insulini, isiingie kabisa kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwa kuwa inaweza kuganda na ikishaganda haifai tena. Bima ya safari nunua, na ugonjwa wa presha au kisukari uandike wazi kwenye fomu hata kama bei itapanda. Ukiuficha, siku ya kudai huenda usilipwe. Uhamiaji watataka kuona tiketi ya kurudi na anwani mnakofikia, na fomu yao ya kuingilia inajazwa mtandaoni, kwa hiyo mjazie mzazi wako kabla hamjatoka nyumbani.

Na usiku wa mwisho, kama ndege inaondoka asubuhi, hamieni Mahébourg. Uwanja wa ndege uko upande huohuo wa kusini-mashariki, mwendo mfupi kwa gari, ilhali kutoka magharibi ni kama saa nzima na msongamano wa asubuhi haujulikani. Vyumba vya kawaida huko havina bei kubwa, na mzazi atapata usingizi wake wote kabla ya safari.