Re: Je, Linkin Park walipotea njia baada ya Meteora?

Ndugu yangu, umeuliza kama Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, walipotea njia baada ya albamu yao ya Meteora ya 2003. Mimi nasema hapana. Hybrid Theory ya 2000 na hiyo Meteora ni kama pacha: gitaa zito, Mike Shinoda anaghani, Chester Bennington anapaza sauti kwenye kiitikio. Ya tatu ingefuata njia hiyo hiyo, leo tungekuwa tumeshawachoka.

Minutes to Midnight, 2007, wakiwa na prodyuza Rick Rubin, walipunguza rapu sana. Lakini kazi ninayoitetea popote ni A Thousand Suns ya 2010. Sikiliza vipande vya sauti za Oppenheimer, mwanasayansi wa bomu la atomiki, na Martin Luther King vilivyofumwa humo, hofu ya bomu la nyuklia ikitanda mwanzo hadi mwisho. Usiruke wimbo! Nyimbo zake zimeungana, na ukiicheza kwenye matatu ya Rongai katikati ya foleni huwezi kuipata vizuri. Vaa visikilizi usiku, nyumba ikiwa imetulia.

Albamu ya One More Light ilitukanwa kwa kuwa laini. Ilitoka Mei 2017, Chester akafariki Julai. Tangu hapo kila neno lake linanigusa tofauti, na yale matusi bado yananiuma.

From Zero ya 2024, na mwimbaji mpya Emily Armstrong, ina ukali unaoutamani wewe. Anza na hiyo, kisha urudi 2010.