Shomoro hakuhama, mkuu

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: ndege wa mjini wamepotelea wapi, na tufanye nini ili ndugu zetu wanaofanya kazi nje warudi nyumbani. Ukamalizia kwamba ni yale yale, wote wamehama. Mimi nilikaa nje miaka 11, nimerudi huu mwaka wa 6, na kutazama ndege ni ugonjwa wangu tangu utotoni. Naomba nikupinge kidogo.

Shomoro hakuhama. Ni ndege wa mtaa mmoja. Wengi wao wanazaliwa, wanazaa na kufa ndani ya eneo ambalo wewe unalimaliza kwa miguu kwa robo saa. Ukiona hayupo, usidhani yuko mji mwingine anakula maisha. Hayupo popote. Vifaranga wake hawakukua, basi. Shomoro mkubwa anaishi kwa punje na makombo, lakini kifaranga katika siku zake za mwanzo anataka wadudu laini, viwavi na vidukari. Sisi tumefunika udongo kwa zege, tumepulizia dawa kila kichaka, na zile nyufa za chini ya paa alimokuwa anajenga tumezipiga plasta. Uingereza wamemweka kwenye orodha nyekundu ya ndege wanaopungua vibaya tangu 2002. Delhi walimtangaza kuwa ndege wa jimbo mwaka 2012, cheo alichopewa akiwa ameshaanza kuadimika. Mambo ya kumsifu mtu kwenye tanga.

Kama unatafuta ndege wa kumfananisha na mtu aliyekwenda nje, mchukue teleka. Ni yule mweusi mwenye mabawa kama mundu, ambaye wengi humwita mbayuwayu kimakosa. Mbayuwayu utamkuta amejipanga na wenzake kwenye waya wa umeme. Teleka hawezi kutua hapo, miguu yake haikuumbwa hivyo. Teleka wa Ulaya anazaa kule wakati wa kiangazi kisha anashuka Afrika, na watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2016 kwamba wengine hukaa angani miezi 10 karibu bila kutua kabisa. Halafu anarudi, tena kwenye tundu lile lile la mwaka jana. Kurudi kwake si tatizo. Tatizo ni kwamba anakuta jengo limekarabatiwa.

Hili nililiona mwenyewe nikiwa huko. Jengo lililotazamana na chumba changu lilikuwa limetoka kupigwa plasta na rangi, linang'aa. Teleka wawili walikuja kwa kasi, wakajigonga ukutani chini tu ya paa, wakazunguka, wakarudi kujigonga pale pale. Siku tatu nzima. Palibaki alama mbili tatu za vumbi kwenye rangi mpya, na siku ya nne sikuwaona tena. Teleka naye aliingia ile orodha nyekundu ya Uingereza mwaka 2021.

Niliporudi nyumbani zamu ikawa yangu. Ofisi iliyoniajiri (siitaji, bado nina marafiki mle) ilinipa fomu ya kujaza uzoefu wa kazi. Dada wa mapokezi akaipitia kwa kalamu, akasimama.

"Kaka, hizi kazi za nje mfumo hauzitambui."

"Miaka 11 yote?"

"Andika sifuri, mfumo ukubali. Mengine utaongea na bosi."

Nikaandika sifuri. Nikaanza na mshahara wa mtu aliyemaliza chuo mwezi uliopita, na bosi tuliongea naye baada ya mwaka na nusu. Yule dada sikumlaumu, alinionyesha tu mahali tundu lilipozibwa.

Sasa, wanaotaka teleka warudi mjini hufanya jambo moja la kuchekesha. Wanatundika visanduku vya viota chini ya paa, pembeni wanaweka spika inayopiga sauti za teleka. Vijana ambao bado hawana tundu wanasikia, wanasogea kuchungulia. Inafanya kazi, ila kwa sababu kisanduku kipo hapo hapo kwenye spika. Hotuba nyingi za "rudini tujenge nyumbani" ni spika peke yake.

Ureno walijaribu kitu kizito zaidi kuanzia 2019: anayerudi anatozwa kodi kwenye nusu tu ya mapato ya kazi yake kwa miaka 5. Si haba, lakini punguzo la kodi linamfaa mwenye mshahara tayari. Mimi navutiwa zaidi na Taiwan. Walipofungua eneo la teknolojia la Hsinchu mwaka 1980, walifikiria mpaka nyumba za kuishi, na baadaye shule ya lugha mbili kwa watoto wa wanaorudi. Aliyewaza hivyo alijua kwamba baba anaweza kuvumilia sifuri kwenye fomu, ila mtoto wa miaka 9 asiyeelewa mwalimu anasema nini atairudisha familia nzima uwanja wa ndege.

Halafu kuna suala la nani anatua kwanza. Mwaka 1973 mtaalamu wa ndege Stephen Kress alianza kupeleka vifaranga wa pafini, ndege wa baharini, kwenye kisiwa cha Eastern Egg Rock huko Maine, Marekani, ambako wawindaji walikuwa wamewamaliza. Wakakua, wakaenda baharini, wakapotea kwa miaka. Akasimamisha sanamu za pafini za mbao juu ya mawe, maana ndege yule hapendi kutua mahali patupu. Wakaanza kutua, na 1981 wakazaa. Shomoro naye ni hivyo hivyo. Mimi nilitundika kisanduku kimoja, tundu la milimita 32 kama inavyotakiwa, nikangoja miaka miwili nikapata buibui. Nilipoviweka vitatu ubavu kwa ubavu na kuacha kupulizia dawa ukutani, wakaja.

Kuhusu mdogo wako uliyesema hataki hata kusikia habari ya kurudi: usimwambie kazi ziko tele. Mimi nilirudi kwa sababu rafiki yangu aliyetangulia alinitajia kwenye simu mabaya yote moja baada ya jingine, na mwisho akasema chumba kipo, njoo ukae miezi mitatu uangalie. Mtafutie mtu wa namna hiyo. Na asiuze vitu vyake huko kabla hajapata mkononi barua yenye cheo na mshahara, kwa sababu ile fomu niliiona tena wiki jana mezani kwa mtu mwingine, na bado inaandikwa sifuri.