Usinunue Kwanza Huo Mwavuli

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Iringa alinitumia picha kwa WhatsApp. Mwavuli wa kijani, yaani parachuti, umesokomezwa kwenye kiroba cha mkaa, na chini yake ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimepata hii kwa laki nne. Inafaa kurukia Kitonga?"

Nilikuwa kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, nashona viti vya Noah. Nikazima mashine. Nilitaka kumjibu kwa neno moja, hapana, lakini nakumbuka nilivyokuwa mimi. Kijana ukimkatalia bila kumpa sababu, atakwenda kuitafuta mwenyewe, na sababu za mchezo huu wa kuruka jabali kwa mwavuli huwa zinapatikana chini ya jabali lenyewe.

Marahaba, mdogo wangu. Jibu lenyewe ni refu kidogo.

Kitonga ni mteremko. Lori la mafuta linaupanda kwa gia ya kwanza na linafika. Mahali ambapo lori linapanda, mtu haruki. Utatua hatua tatu mbele na kuanza kubiringika kuelekea mibuyu ya Ruaha. Kinachotakiwa ni ukuta wima, tena afadhali ule ambao kichwa chake kimetokeza mbele ya miguu yake. Na macho hayatoshi kuujua. Mwaka juzi nilisimama kwenye njia ya Chunya, pale wanapopaita Mwisho wa Dunia, Bonde la Usangu limetandazwa chini kama mkeka. Ungeapa kwamba mbele yako kuna mamia ya mita za hewa tupu. Nikahakikisha hakuna mtu wala mbuzi chini, nikaachia jiwe la ukubwa wa chungwa, nikahesabu. Sekunde moja na nusu, ko! Likadunda, likagonga tena, likapotea vichakani. Hizo ni mita 11 tu. Kilichobaki chote ni mteremko.

Hesabu yake ikariri kama jedwali la kuzidisha: kitu kinachoanguka kinakwenda karibu mita 5 kwa sekunde ya kwanza, kinafika 20 kwenye ya pili, 44 kwenye ya tatu, 78 kwenye ya nne. Mwavuli nao unataka nafasi yake ya kujaa, na wewe unataka nafasi ya kugeuka na kutua.

Najua utaniuliza Kalambo. Kila mtu huniuliza Kalambo. Ni kweli, maporomoko yale yana zaidi ya mita 200 na ukuta umesimama. Lakini utatua wapi? Chini ni korongo jembamba lenye mto na mawe, hewa inazungushwa na maji yanayoanguka, na kwenye kingo zake wanataga korongo wale wakubwa wenye mfuko shingoni. Korongo ndani ya korongo, na wewe katikati yao na kamba kibao. Waachie wenyewe.

Mchezo unaoutaka unaitwa BASE: kuruka na mwavuli kutoka kwenye jengo, mnara, daraja au jabali. Waliolipa kundi hilo jina ni akina Carl Boenish wa Marekani, ambaye mwaka 1978 aliwapiga picha watu wakiruka jabali la El Capitan. Boenish mwenyewe alikufa akiruka, Norway, mwaka 1984. Yule Mrusi, Valery Rozov, aliyeruka kutoka Kilimanjaro mwaka 2015, alikufa mwaka 2017 kwenye mlima mwingine kule Nepal. Hao ndio waliokuwa wanajua. Sikutishi. Nakuonyesha tu kwamba ujuzi hapa hauondoi hatari, unaipunguza.

Mimi si bingwa. Nimeruka ndegeni mara 243, na kutoka kwenye kitu kilichosimama mara 11, zote daraja moja. Nilikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, nikapata kazi kwenye karakana ya viti vya magari nje ya Johannesburg. Siku moja mteja akaleta mikanda ya mwavuli iliyofumuka, akauliza kama tunaweza kuishona. Bosi alikataa, akasema hiyo ni kazi ya fundi mwenye cheti chake. Mimi nikabaki nimeushika ule mshono. Uzi mnene, zigizaga imelala sawasawa kama vile mashine haikupumua hata mara moja. Mteja akaniona ninavyoukodolea macho, akaniambia njoo Jumamosi uone unavyofanya kazi. Ndivyo nilivyoingia, kwa mshono, si kwa ushujaa. Mruko wa kwanza ulikuwa ule wa kamba inayofungwa ndani ya ndege, kama mita 1,000 juu. Unatoka mlangoni, kamba inakufungulia, kazi yako ni kuongoza tu. Nilifumba macho. Mwalimu aliniona, na alinikumbusha kwa miaka miwili.

Kwa hiyo shule ni ndege kwanza. Kwa huku Afrika Mashariki watu wanaruka pwani ya Diani, Kenya. Walimu wengi wa BASE hawakupokei mpaka uwe na miruko 150 au 200 ya ndegeni, na mwanzoni niliona wanatubania tu. Kumbe kinachotafutwa ni kutua. Ndegeni ukikosea kutua unaangukia nyasi upande wa pili wa uwanja, unatembea na jua lako kurudi. Chini ya jabali hakuna upande wa pili. Miruko yangu 100 ya mwisho niliifanya yote nikilenga turubai moja lililotandikwa uwanjani, na bado siku nyingine nililikosa kwa hatua 20.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliamini mpaka wapige hesabu. Ukiruka ndegeni una miavuli miwili, wa kutumia na wa akiba. Wengi wetu pia tunavaa kifaa kinachosoma shinikizo la hewa na kuufungua ule wa akiba chenyewe kama umezimia. Cypres, kwa mfano, ipo tangu 1991. Ile ya watu wazoefu hufungua ukiwa umebakiza kama mita 225 kufika ardhini. Daraja la Perrine kule Idaho, Marekani, nilikojifunzia, lina mita 148 kutoka juu hadi mto Snake. Yaani kifaa kingetakiwa kuamka mita 77 juu ya kichwa changu kabla sijaruka. Ndiyo maana BASE ni mwavuli mmoja. Pale darajani usipofungua una sekunde tano na nusu hivi, na katika sekunde hizo hakuna muda wa kuutafuta wa pili.

Nilichagua Perrine kwa sababu pale kuruka kunaruhusiwa mwaka mzima bila kibali, na chini kuna maji na ukingo wa kutua. Nauli na viza vilikula kiwanja changu cha Uyole. Shangazi hajanisamehe mpaka leo. Mara ya kwanza mwalimu anakushikia kile kiparachuti kidogo cha kuvutia mwavuli utoke begini: unaruka, kinabaki mkononi mwake mpaka kamba zikazike, ndipo anakiachia. Nilisikia mlio kama shuka zito linalokung'utwa, kisha kimya, kisha mto.

Sasa turudi kwenye kiroba chako cha mkaa.

Ule ni mwavuli wa duara, wa kijeshi. Umeshonwa umshushe askari na mzigo wake kutoka kwenye ndege iliyo kwenye mwendo, na upepo wa ule mwendo ndio unaoukunjua. Jabali halina mwendo. Tena huwezi kuuongoza ukatua unapotaka, utakwenda unakopelekwa. Unaotakiwa ni wa mstatili, wenye vyumba saba vinavyojaa hewa ukawa kama bawa, na mkubwa. Vijana wanapenda mwavuli mdogo wenye kasi kama wanavyopenda pikipiki yenye sauti. Achana nao. Jipime na vifaa vyote mwilini. Mimi nina kilo 75, na begi, kofia ngumu na viatu nafika 83. Zidisha kwa 2.2 upate ratili: 183 hivi. Gawa kwa 0.7, yaani ratili zinazobebwa na kila futi moja ya mraba. Inakuja kama 261, na hizo ndizo futi za mraba za mwavuli wako. Huo unafunguka kwa adabu, unakwenda polepole, na ukigeukia ukuta unakupa nafasi ya kufanya kitu.

Kwetu huku ongeza kidogo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ukifika mita 2,000 hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na ya Diani, na mwavuli uleule utakuteremsha kwa kasi iliyozidi kwa kama asilimia 10. Kwenye karatasi ni kidogo. Kwenye kifundo cha mguu si kidogo.

Kiparachuti cha kuvutia nacho kina namba zake. Cha inchi 42 ni cha kuanguka sekunde mbili tatu; ukiruka chini zaidi unataka kikubwa, 46 au 48, kwa sababu hujapata kasi ya kukipa nguvu; ukianguka muda mrefu unapunguza, maana kikubwa kikivuta kwenye kasi kali mwavuli unafunguka kama kofi. Na kile kitambaa cha mraba kinachoteleza kwenye kamba kupunguza ukali wa kufunguka, kwenye miruko mifupi kinatolewa kabisa. Haya yote utaonyeshwa na mwalimu kwa mkono. Usiyafanye kwa kunisoma mimi.

Bei ya seti mpya ni zaidi ya dola 3,000, kwa hiyo najua utatafuta mtumba. Hata mimi nilitafuta mtumba, na hapa nataka ukae vizuri.

Niliununua mtandaoni, kwa mtu nisiyemtaja. Rangi ya chungwa na bluu, safi, unanukia sabuni. Aliniandikia: miruko 60 tu, haujawahi kutengenezwa. Nikaja nao likizo ya Krismasi, nikaukunjua ukumbini kwa shangazi kule Soweto. Soweto yetu ya Mbeya, siyo ile nyingine. Shangazi ameshona sare za shule miaka zaidi ya 30 na hajawahi kupanda ndege. Akauvuta kwenye mapaja yake akaanza kupitisha vidole kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua mchele. Akafika kwenye kamba za breki za kushoto, akasimama.

"Baba, huu uzi si wa kwanza."

Nikasema shangazi, ni uzi uleule, rangi ni moja. Akaniambia niende mlangoni kwenye mwanga. Uzi wa upande wa kulia ulikuwa umefifia na kulala ndani ya kamba; wa kushoto bado unang'aa, umekaa juu juu. Tukapigilia msumari kwenye fremu ya mlango, tukazikaza kamba za pande mbili kwa nguvu moja, yeye akiwa na futi yake ya kitambaa shingoni. Breki ya kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia kwa sentimita 6.

Sentimita 6 ndegeni ni kero: mwavuli unafunguka na kukupeleka kushoto, unavuta kulia, unaendelea. Mbele ya jabali, kugeuka wakati wa kufunguka ndiko kunakomrudisha mtu ukutani, na kugonga ukuta ni miongoni mwa vifo vya kawaida kabisa vya mchezo huu. Nikarudi nao kwa fundi wa miavuli, akapima akapata kilekile, akabadilisha kamba zote. Yule muuzaji nilimwandikia. Alisoma, hakujibu.

Kwa hiyo mtumba ukija mkononi mwako: pima kamba za kushoto dhidi ya za kulia, jozi kwa jozi. Linganisha nyuzi kwenye mwanga wa jua, siyo wa taa. Nailoni inaliwa na jua, kwa hiyo tazama kama kitambaa cha juu kimepauka kuliko cha ndani ya vyumba. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize. Hewa ikipita kirahisi, umechoka. Uliotua baharini usipooshwa kwa maji yasiyo ya chumvi unabaki na chumvi. Na hata ukiridhika na yote haya, upeleke kwa fundi mwenye cheti kabla ya kuuvaa. Mimi ni fundi cherehani wa miaka mingi na huo mshono nilikuwa nimeupita.

Ruhusa nitasema kwa kifupi: hifadhi za taifa kama Udzungwa ni za TANAPA, misitu mingi ya milimani kwetu iko chini ya TFS, anga ni la TCAA, na kijiji kina ofisi. Usitoroke usiku. Minara ya simu isahau kabisa, zile waya za kuishikilia hazionekani mpaka uwe juu yake. Na Juni, Julai, ukungu wetu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, kisha upepo unaingia. Siku nyingine hakuna hata nusu saa ya kuruka kati ya hayo mawili.

Sasa, yule kijana nilimtumia haya yote kwa vipande, sauti na maandishi. Akakaa kimya siku mbili. Jana usiku akaandika: "Kaka, ameshusha hadi laki moja na nusu."

Nikamwambia kwa bei hiyo auchukue, anikabidhi mimi. Nailoni ya namna ile inatoa vifuniko vya pikipiki. Na aje nao Jumamosi kwa basi la asubuhi, aone tunavyoukaza kwenye fremu ya mlango kabla sijaukata. Shangazi nimeshamwambia atafute misumari.