Msiuze kihamba kwa ajili ya kozi ya Ujerumani

Mdogo wangu,

Mama ameniambia baba mdogo kashapata mnunuzi wa kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo la Kibosho, ili uje huku Ujerumani kusomea mifumo embedded, yaani kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya vifaa. Eti hapo Moshi wanasema mhandisi akishatua Ujerumani na cheti cha kozi fupi, kampuni zinamgombania na kumlipia masomo yote yaliyobaki. Nimekasirika sana, ila si kwako. Ni kwa hao wanaokujaza maneno.

Anayekuja kusoma kwa kujilipia, kwa kawaida huweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa; ndicho kiwango tangu Septemba 2024. Unachoruhusiwa kutoa humo ni euro 992 kwa mwezi. Mwaka ukiisha hela imekwisha, na kihamba hakirudi.

Ni kweli kampuni hulipia kozi. Humlipia mtu aliyeshaajiriwa, tena kozi inayohusu kazi iliyo mezani. Majimbo mengi yana sheria ya kumpa mfanyakazi siku 5 kwa mwaka za kujifunza huku mshahara unaingia. Mimi niko Bavaria, na Bavaria haina sheria hiyo. Nasoma usiku.

Kinachoniuma hasa ni karatasi. Huku jina la mhandisi linalindwa kisheria, hujiiti hivyo mpaka shahada yako itambuliwe. Mimi niliyemaliza miaka 3 ya SEAP, mafunzo kazini ya wahandisi wa nyumbani, na kusajiliwa na ERB, bodi yetu ya usajili wa wahandisi, nilipanga vifurushi ghalani usiku, nikisubiri jibu. Mama alikuwa anapokea hela na kuwaambia majirani mwanawe yuko ofisini. Sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Kwa hiyo usije. Soma hapo. NM-AIST, chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, wana shahada ya uzamili ya mifumo embedded na ya simu, na programu hiyo imeanzishwa kwa msaada wa Ujerumani hiyohiyo. Basi la Arusha linakushusha njiani.

Na usikusanye vyeti! Kwenye usaili wangu hakuna aliyevigusa. Nilipewa bodi ya kielektroniki isiyowaka, osiloskopu (kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme), na muda. Jifunze lugha ya programu ya C mpaka pointa, zile anwani za kumbukumbu, zisikutishe; shika interapti (ishara zinazokatiza programu ili ishughulikie jambo la haraka), I2C na CAN ambazo ni njia za vipuri na vifaa kuwasiliana, na FreeRTOS, mfumo endeshi wa kompyuta hizo ndogo. Kisha tengeneza kifaa kimoja mpaka mwisho: kipime unyevu wa udongo kwenye migomba ya bibi, kivumilie masika, betri idumu msimu mzima. Kozi nyingi huishia kuwasha taa ya LED. Bidhaa ina maswali mengine kabisa: umeme ukikatika wakati kifaa kinaandika kwenye kumbukumbu yake, kikiwaka tena kitajua kilikuwa wapi? Maji yakiingia kwenye kasha? Kipuri kikiadimika sokoni utaweka nini badala yake? Mtu aliyehangaika na hayo anajulikana akifungua mdomo tu.

Ukipata skolashipu, au mkataba wa kazi uliosainiwa, njoo hata kesho, nitakupokea mwenyewe uwanja wa ndege. Nakuhitaji huku kuliko unavyodhani. Kijerumani anza leo, uje usije.

Mwambie baba mdogo asisaini chochote. Nitampigia Jumapili mkitoka kanisani. Ada ya Tengeru nusu ni yangu, na hela ya osiloskopu ya mtumba naituma mwisho wa mwezi huu.

Dada yako